Mpaka wa Shamba la Pantaleo

Shemeji yangu Pantaleo, wa Idete, hajui kitu kinachoitwa nusu. Akitia sukari kwenye chai, kijiko kinasimama chenyewe. Enzi za pombe alikuwa analala mtaroni na viatu vyake. Alipoacha, Kwaresima ya mwaka tisini na tatu, aliacha hata togwa, kinywaji cha watoto, na sisi tuliokuwa tunakunywa akatutazama kama wezi wa kuku. Dada yangu Ritha ndiye aliyeolewa na vurugu hiyo. Nampenda shemeji, lakini mara nyingine nilitamani kumzaba kofi.

Baada ya pombe alihamia kwenye kulima. Huku bondeni, mpunga ukianza kutoa masuke, tunahamia shambani. Tunajenga dungu, yaani kichanja cha miti chenye paa la nyasi, na mtu anakaa juu yake tangu alfajiri akiamia ndege: anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele. Kweleakwelea hawana huruma. Ukisinzia kidogo tu, wanakuachia mabua. Ndiyo maana watu wenye akili hulima eneo ambalo mtu mmoja aliye dunguni analiona lote na kulifikia kwa sauti yake.

Pantaleo alilima mpaka mtu wa dunguni akawa haoni mwisho wa shamba. Mwaka tisini na tano alivuka kichuguu ambacho baba yake alikifanya mpaka, akavuka na mfereji wa maji, akaenda tu. Majirani walimsifu, naye sifa anazipenda. Msimu wa ndege ulipofika, yeye alikuwa ng'ambo ya mfereji akikimbia huku na huko, na Ritha akaachiwa upande wote uliobaki. Dada yangu alipiga kelele tangu jua linachomoza hadi linazama. Ndege walikula hata hivyo.

Sasa, Ritha ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kigango. Jumapili ya shukrani ya mavuno alisimama mbele yetu, akafungua mdomo, ikatoka pumzi kavu. Akarudi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga. Nililia kwa hasira, na niliyemkasirikia alikuwa amekaa upande wa wanaume akitazama viatu vyake.

Sauti ilirudi polepole. Ilipofika Novemba, watu walipoanza kusafisha mashamba, Ritha alifungasha nguo zake akaja kwangu Ifakara.

"Akivuka kile kichuguu tena, mimi sirudi," aliniambia.

Ritha si mtu wa vitisho. Niliogopa.

Pantaleo alimfuata kwa baiskeli, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hata shikamoo sikumpa.

"Shemeji, nimekuja kumchukua mama Fridolin," alisema. Fridolin ni mtoto wao wa kwanza.

"Umpeleke wapi? Kwa kweleakwelea?"

Aliinama akachezea kengele ya baiskeli. "Aje aniambie niishie wapi. Mimi mwenyewe sijui kuishia."

Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nikamchemshia chai. Sukari nilitia mimi.

Tulikwenda shambani wote watatu. Dungu la msimu uliopita lilikuwa bado limesimama, na Ritha akapanda. Pantaleo alichukua jembe na kigingi.

"Imba," alimwambia. "Usipige kelele. Imba kama kanisani. Nikiacha kukusikia, nitasimama."

Ritha alianza wimbo ule ule uliomshinda siku ya mavuno. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kidogo, lakini ilikuwa yake. Pantaleo akawa anatembea kinyumenyume, uso kwetu, akipungua mbele ya macho yetu. Alipofika kwenye kichuguu akasimama, akatega sikio. Miguu ile naijua. Niliuona mmoja ukirudi nyuma kukivuka kichuguu, nikashika nguzo ya dungu kwa nguvu.

Kisha akaurudisha. Akaja hatua kadhaa upande wetu, akapigilia kigingi chake ardhini.

Ritha aliacha kuimba. "Baba Fridolin!" aliita. "Mbona hapo? Kichuguu si kiko nyuma yako?"

"Kule nakusikia kwa shida," alijibu. "Hapa nakusikia vizuri."