Ganda Jeupe la Chungwa

Mama yangu alimenya machungwa stendi ya Songea tangu nikiwa mgongoni. Kisu chake kiliondoa ganda la kijani tu, kikaacha lile jeupe. Abiria wa Tunduru walikata kichwa cha chungwa, wakafyonza, wakatupa lile ganda jeupe, na jioni mama alilifagia kwa miguu iliyovimba mishipa. Niliogopa kwamba siku moja miguu ile ingegoma kabisa.

Miaka ya ruksa ya biashara ilipofika, maduka binafsi ya dawa yakafunguliwa mjini, na kwenye kabati la kioo la duka moja nikaona kichupa chenye picha ya chungwa. Nikaomba karatasi yake nisome. Mishipa ya damu! Uvimbe wa miguu! Na vidonge vimetengenezwa kwa nini? Kwa ganda jeupe la chungwa! Nilipiga kelele mle dukani bila haya. Mshahara wangu wa kwanza wa ukarani ukaishia pale, nikakimbia stendi.

"Mama, kumbe kila jioni unafagia dawa!"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Basi mimi tajiri, mwanangu."

Wiki ya tatu alisema miguu imekuwa myepesi. Niliwatangazia majirani wote, utadhani vile vidonge nimevitengeneza mimi. Kisha siku moja nikafungua kopo lake kutafuta sindano ya kushonea, nikakuta vidonge vya presha alivyopewa kliniki. Havikuwa vimeguswa.

"Si ulisema hivi vyako ni vya mishipa ya damu?" akanishangaa. "Na presha si ni ya damu hiyohiyo?"

Nikampeleka kliniki siku hiyohiyo. Muuguzi alimpima, akarudia kumpima, akanigeukia mimi. Presha ilikuwa juu mno.

"Hivi vya dukani ni vya kuongezea tu," alisema. "Huenda vikasaidia miguu, huenda visisaidie. Lakini havichukui nafasi ya dawa ya presha, na mtu anayetumia dawa nyingine anauliza kwanza."

Karatasi nayo ilisema hivyohivyo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mimi niliacha kusoma pale nilipofurahi.

Mama akaanza kumeza vidonge vya kliniki, na ashukuriwe Mungu, presha ikashuka. Lakini siku ile, njiani kutoka kliniki, nilimfokea, kwa hofu tu.

"Mbona hukuuliza mtu, mama?"

"Nimuulize nani tena?" akasema. "Nyumbani kwetu anayejua kusoma ni wewe."