Chai Isiyogawiwa

Nyuma ya wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini Kasulu palikuwa na banda la bati lisilo na kuta. Hapo walikaa wajawazito walioletwa mapema kutoka vijiji vya mbali, pamoja na mama zao au mama wakwe, wakingoja siku ifike. Walipika maharage na ugali wa muhogo, walisukana nywele, walisemana. Mwaka 2013, mvua za kwanza zilipoanza, nilikuwa nakwenda pale karibu kila asubuhi. Nilikuwa nafanya utafiti wa chuo juu ya wagonjwa wanaotumia dawa za kienyeji pamoja na za hospitali: wanazichanganyaje, wanamwambia nani, na wanahudumiwaje wakisema.

Swali la pili lilijibika mapema. Hawakumwambia mtu. Kila mjamzito aliyepokelewa aliulizwa na muuguzi, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Umekunywa miti shamba?" na kila mmoja alijibu hapana. Muuguzi hakuinua hata macho. Alikuwapo mmoja aliyewahi kujibu ndiyo, na wanawake wa bandani walikuwa bado wanamsimulia: alisemwa mbele ya wodi nzima mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Baada ya hapo nani tena angesema?

Basi nikajifunza kutazama badala ya kuuliza, na kilichonisaidia ni chai. Bandani pale chai hukuinywa peke yako. Mwenye chupa ya chai alianza kwa kumimina kikombe cha jirani, halafu cha yule wa pili, hata kama hawajuani, hata kama ni chai ya rangi isiyo na sukari. Kumnyima chai mtu uliyeketi naye mkeka mmoja kulionekana kubaya kuliko kumtukana. Kwa hiyo chupa ambayo mwenyewe hakuigawa ilijulikana upesi. Ndani yake hamkuwa na chai. Wanawake walilijua hilo na hawakulisema. Walisogeza tu mkeka wao kidogo, mwenye chupa akabaki na nafasi yake.

Ndivyo nilivyoiona ile chupa nyekundu yenye ua jeupe ubavuni.

Wenyewe nilikuwa nawafahamu. Miezi michache kabla niliwatembelea kwao Busunzu, wilaya ya Kibondo: mama mkwe, mwanamke mrefu mkavu asiyecheka ovyo, na mkamwana wake, ambaye mimba yake wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inaonekana. Mtoto wa kwanza wa huyo binti alitolewa kwa upasuaji hospitalini Kibondo, baada ya uchungu wa muda mrefu, na hakuishi. Daktari wa huko alimwambia kwamba mimba ijayo asingoje uchungu. Aje mapema apasuliwe tena, kwa sababu kovu halitastahimili.

"Dada, wakinipasua tena, nyumba hii si yangu," aliniambia siku ile, akimenya mihogo bila kuniangalia. "Huku wanasema mwanamke wa kisu hajazi nyumba."

Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akasimama.

"Nani anasema? Mimi sijasema."

"Hujasema, mama. Wanasema."

"Mimi nilijifungulia shambani, nikakata kitovu mwenyewe." Akanigeukia. "Huyu watamkata mpaka lini? Mtu si gunia."

Hakuwa mkatili. Ile ndoo ya maji alikuwa amemtekea mkamwana wake ili asiinue kitu kizito. Alichokitaka ni kimoja, na alinieleza waziwazi: mjukuu aliye hai, azaliwe kwa njia yake, mama yake abaki nyumbani kwa mumewe.

Ndiyo maana hawakurudi Kibondo. Huko walikuwa wameshaandikiwa kisu. Walipanda basi hadi Kasulu, ile barabara ya vumbi jekundu ambayo wakati huo askari mwenye bunduki alikaa kiti cha mbele kwa hofu ya majambazi, na basi likiingia msituni abiria waliacha mazungumzo, hata watoto. Nilikuwa nimeisafiri mara nyingi. Niliwawazia humo, chupa ikiwa mapajani mwa mama mkwe, imefunikwa kitenge.

Kasulu nako daktari aliliona kovu na akampangia upasuaji. Ulibaki usiku mmoja tu.

Asubuhi hiyo nilipofika bandani, jirani yao alikuwa anakunywa uji wake amewapa mgongo. Nikaketi.

"Mama, leo chai hamna?"

"Ipo," mama mkwe akasema.

"Si mtukaribishe."

"Muache, dada wa maswali," akadakia mwanamke mmoja kutoka kwenye mafiga. "Chai ya Busunzu ina wenyewe."

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha wote kwa pamoja.

Mama mkwe alipokwenda bombani nilimsogelea binti. Sikuhitaji kumbana. Aliielekezea chupa kidevu.

"Ile ametupa bibi mmoja upande wa Muyama. Ya kufungua njia."

"Ni mti gani?"

Akatikisa kichwa. "Nimekatazwa kuitaja kwa mdomo mpaka mtoto alie. Aliyeinywa na aliyemnywesha, wote. Ikitajwa inageuka, inamrudia aliyeinywa. Na wewe uliniahidi husemi kwa mtu."

Ni kweli niliahidi. Kila niliyezungumza naye nilimwahidi hivyo, na bila ahadi hiyo nisingeambiwa lolote na yeyote. Nikainuka nikamtafuta daktari mmoja wa makamo aliyekuwa na subira na maswali yangu. Alikuwa kwenye benchi nje ya famasi akila karanga. Nikamuuliza kama jambo la kitabuni tu: mwanamke mwenye kovu akinywa dawa ya miti ya kuleta uchungu, inakuwaje?

"Kovu linaachia," akasema.

"Atajua?"

Akapuliza maganda ya karanga kiganjani. "Hapo ndipo pabaya. Uchungu unakuja mfululizo, haupumziki. Halafu unakata ghafla. Mwenyewe anashukuru Mungu, anadhani amepumzishwa. Kumbe ndiyo tayari." Akaniangalia. "Una mtu?"

"Nauliza tu," nikasema, na nikarudi bandani haraka kuliko nilivyotoka.

Mvua ilinyesha baada ya chakula cha mchana, ile ya milimani inayoshuka na ukungu mpaka bati lote linanguruma. Uchungu ulimshika binti katikati ya mvua hiyo. Tukamshikilia, tukamwingiza wodini. Muuguzi wa zamu akampima, akasema njia bado sana. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mwanamke anayevuja damu, na baada yake kuna mwingine. Akamuuliza lile swali, kwa sauti ileile. Binti akajibu hapana.

"Basi asubiri. Ndiyo kwanza anaanza."

Kwa alivyoelezwa, muuguzi alikuwa sahihi. Uchungu unaoanza huwa na mapumziko. Wa huyu haukuwa nayo. Nilisimama karibu na dirisha nikimtazama: alikuwa hajamaliza kukunjuka kutoka kwenye uchungu mmoja, mwingine unamkunja. Alishika chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Mama mkwe alisimama koridoni, chupa kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake ulikuwa umelegea.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Inafunguka."

Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote aliyosema daktari, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie sista, mama."

"Siwezi kuitaja."

"Basi nitasema mimi."

"Ukisema wewe, ni mdomo vilevile. Itamrudia huyu, haitakurudia wewe." Akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. "Yule wa kwanza nilimzika mimi. Wewe hukuwepo. Unataka nimzike na huyu kwa sababu ya mdomo wako?"

"Nataka usimzike, mama. Ndiyo maana nakwenda."

Nikageuka. Sikufika. Alinipita kwa hatua zake ndefu, miguu mitupu yenye tope, akaingia wodini mahali ambapo ndugu hawaruhusiwi. Akasimama mbele ya meza ya muuguzi. Akafungua ile chupa nyekundu, akamimina kikombe kikajaa, akampa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kama mtu anavyomkaribisha mgeni nyumbani kwake.

"Mama, hapa ni kazini," muuguzi akasema. "Chai yako kanywe nje."

Hakukirudisha. Alibaki vilevile, kikombe mbele, mdomo umefungwa.

Muuguzi alikipokea nadhani ili amwondoe tu. Akakiinua. Mvuke ulipomfika puani alisita, akakishusha polepole mezani. Kisha akainua macho.

"Amekunywa kiasi gani?"

Mama mkwe akaitikisa chupa karibu na sikio la muuguzi. Kilichobaki kiligonga chini kabisa.

Nilitegemea makelele. Hayakuja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Muuguzi alimwambia mwenzake, taratibu, "Mwite daktari. Mwambie anayefuata ni huyu, yule mwingine atangoja." Wakakisukuma kitanda. Gurudumu moja lilikuwa bovu, likawa linalia koridoni kote. Mlangoni pa upasuaji binti alimtafuta mama mkwe wake kwa macho, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Mama, umekata," akasema. "Uchungu umekata."

Mama mkwe akatabasamu. Mlango ukafungwa. Nilikaa palepale sakafuni, nikatega sikio mlangoni.

Mtoto alitolewa hai. Alilia kidogo, kama paka aliyefungiwa ndani, akanyamaza, akalia tena. Kizazi kilikuwa kimeanza kuachia upande mmoja wa kovu, walikishona. Daktari alitoka akamwambia mama mkwe kwamba binti ataishi, kwamba mimba nyingine isije bila kwanza kuonana nao, na kwamba kile kitu asikisogelee tena. Sidhani kama alisikia zaidi ya kilio.

Na kwa kuwa mtoto alikuwa ameshalia, sasa ilitajika. Jioni ile, mvua imekatika, mama mkwe aliketi bandani akaitaja. Alitaja mti, alitaja upande wa mzizi unaochimbwa, alitaja jinsi ya kuuchemsha na bibi wa Muyama anapokaa. Wanawake walisogea. Jirani aliyewapa mgongo asubuhi alikuwa mbele kabisa.

"Wa kwanza tulikwenda bila umuti, bila dawa hii, akafa," mama mkwe alisema. "Huyu kanyweshwa, analia. Mnamsikia."

"Mama," nikasema, "aliyewaokoa ni sista. Ni kile kikombe ulichompa."

Wote wakanigeukia. Yeye aliniangalia kwa upole, bila ushindi wowote.

"Na kikombe kilikuwa na nini, mwana wanje, mwanangu?"

Nilianza kueleza. Nilieleza habari ya kovu, na ya uchungu unaokata ghafla, na walinisikiliza kwa adabu kama wanavyosikiliza tangazo. Nilipomaliza, mmoja akamuuliza mama mkwe kama mzizi huchimbwa asubuhi au jioni.

Waliruhusiwa baada ya nyuzi kutolewa. Niliwasindikiza stendi, mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, binti akitembea ameinama kidogo, anashika tumbo. Alionekana mwenye furaha. Sikumbuki kama niliangalia walichobeba na walichoacha.

Siku chache baadaye nilirudi bandani kama kawaida. Kulikuwa na mgeni, mwanamke wa Titye, ameletwa asubuhi na dada yake. Mimba ya pili, akanieleza mtu. Ya kwanza alipasuliwa. Alikuwa ameketi peke yake mwisho wa mkeka, anapuliza kikombe. Kando yake ilikuwepo chupa nyekundu yenye ua jeupe ubavuni. Wenzake walikuwa wamesogea.

Nikaketi karibu naye, nikanyoosha kikombe changu.

Akaifunika chupa kwa upindo wa kitenge.

"Dada," akasema, "niombe kitu kingine."