Mama Alikataa Chai Yenye Sukari kwa Sababu Nilimkataza Mimi

Jumapili, baada ya misa

Kwako Admin,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa, habari za leo. Naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu. Hapa Geita ukurasa wako unasomwa sana, hata na wagonjwa ninaowahudumia.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni vijijini huko Masumbwe. Nimemaliza diploma ya lishe na sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali moja. Kilichobaki ni mtihani wa usajili. Nikifaulu nitapewa namba na leseni, nitaruhusiwa kumpangia mgonjwa chakula na kuweka sahihi yangu mwenyewe. Kwetu hakuna aliyewahi kufika huko.

Mama aligundulika ana kisukari nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimetoka kusoma mambo ya wanga na sukari, najiona nimeshakuwa mtu. Nikampigia simu, nikamwambia ugali usizidi ngumi yake.

"Ngumi yangu au ya baba yako?" akauliza.

"Yako, mama."

"Mh! Mungu naye, si angenipa mkono kama wa huyu mzee." Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

Nikamwambia aache michembe, vile viazi vitamu vya kukausha tunavyokula na karanga. Na sukari asiiguse, iwe kwenye chai, iwe kwenye uji. Nakumbuka maneno yangu: "Hata kidogo, mama. Hata ukibembelezwa."

Mama aliishia darasa la nne, lakini alinitii kuliko nilivyowatii walimu wangu. Michembe yote aligawia majirani. Akialikwa harusini anabeba chupa yake ya chai isiyo na sukari. Baba akawa analalamika, "Nyumba ina ng'ombe, mke wangu anakula kama kifaranga. Watu watasema namnyima." Mama anamjibu, "Daktari wangu ni mwanao, kagombane naye."

Siku aliyofariki mimi nilikuwa chuoni. Niliambiwa tu alianguka shambani, akafikishwa zahanati amechelewa. Tukamzika.

Baada ya arobaini, jirani yetu, Mama Kulwa, aliniita pembeni. Siku ile walikuwa wote wakipalilia karanga. Alisema asubuhi mama alimeza dawa zake bila kula, kwa kuwa alitaka kuwahi palizi kabla ya jua. Saa nne hivi akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Mama Kulwa akammiminia chai yake, ina sukari ya kutosha.

"Akakisukuma kikombe," Mama Kulwa aliniambia. "Akasema, 'We Mama Kulwa, unataka nigombane na mwanangu? Amenikataza sukari.' Nikambembeleza, akakataa kabisa. Akajilaza. Mwanangu, mama yako alikuheshimu mpaka dakika ya mwisho."

Aliniambia akidhani ananifariji. Nilimshukuru.

Sikuwahi kumweleza mama kwamba anayemeza dawa za kisukari asipokula, sukari inaweza kushuka, akatetemeka na kutoka jasho, na hapo sukari ndiyo inayomwokoa. Sikumweleza kwa sababu nilikuwa sijafundishwa. Somo hilo lilikuja muhula uliofuata, mama ameshazikwa. Mwalimu aliandika dalili zote ubaoni, wenzangu wakanakili. Mimi nilimwona mama yangu pale ubaoni. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni na sikurudi.

Sijamwambia mtu yeyote. Na huenda ningekaa nalo hivyo hivyo, lakini mwezi uliopita baba naye amepimwa, ana kisukari.

Alinipigia mwenyewe. Baba huniita mayu, kwa Kisukuma ni mama. "Mayu, nipangie chakula kama ulivyompangia mama yako. Yeye hakuvunja sharti hata moja, na mimi sivunji. Hapa zahanati wamenipa dawa na karatasi yao ya chakula, hiyo karatasi nimeikunja nimeiweka. Nina mtoto mwenye kazi hiyo, karatasi ya nini?"

Sukari ameshaacha bila kuambiwa. Nikamsihi asimeze dawa kabla ya kula, na atembee na pipi mfukoni, akihisi kutetemeka ale haraka.

"Pipi?" akasema. "Mzee mzima? Mama yako ulimkataza sukari hata kwa kubembelezwa, leo mimi unanipa pipi. Unanidekeza kwa kuwa nimebaki peke yangu? Hapana, mayu. Nitafuata yale yale ya mama yako."

Nimempigia mara nyingi. Nimemtuma kaka, wakaishia kucheka. Kila Jumamosi baba huenda shambani mapema, na mimi siku hiyo sishiki kazi, naangalia simu tu.

Ndugu zangu, ili baba akubali kubeba pipi, lazima nimwambie mama alikufaje. Na mama alikufa kwa kunitii mimi. Baba amebaki na fahari moja tu, kwamba mama alitunzwa na mwanae mpaka mwisho. Nikimnyang'anya hiyo sijui atasimama na nini, na sijui kama ataniita mayu tena. Nikinyamaza, naweza kumzika na yeye.

Fomu ya mtihani wa usajili iko kwenye begi langu, sijajaza hata jina. Msimamizi wangu ananiuliza, "Binti, unasubiri nini?" Nitawekaje sahihi kwenye chakula cha watu?

Nishaurini, nifanye nini? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Na kama huna ushauri, ukisali leo, tukumbuke mimi na baba yangu.