Mashua ya Kubeba Begani

Kivukoni Kulesa kumekuwa kimya tangu Asenath, mwalimu mstaafu, aondoke na kicheko chake. Alitaka mashua ya kupakia kwenye basi hadi Madogo, kule juu ya mto, kisha arudi nayo kwa maji. Levi, mtoto wa kaka yake, alimletea mbili ajaribu: moja ya kukunja, nyingine ya kujaza upepo.

"Shangazi, hizi hupigwa kasia umekaa!"

"Mpokomo, mtu wa mto, akae mtoni kama mgonjwa?"

Akasimama na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kama alivyozoea mtumbwini. Ile ya kukunja ikampindua. Akaibuka na magugu kichwani, akicheka.

"Mamba wamehama, Shangazi!"

Ile ya upepo ikayumba, ikatulia, ikamvusha amesimama. Akapiga vigelegele mpaka ng'ambo.

Sasa yuko Madogo kwa dada yake, anaijaza upepo.