Msikilizaji wa Kwanza

Kabla watu hawajamwita mwandishi, walimwita mke wa fundi. Mumewe alikuwa akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Yeye, akitoka kiwanda cha uchapaji alikosahihisha makosa kwenye vitabu vya wengine, aliketi kando ya cherehani na kumsomea kurasa alizoandika alfajiri. Fundi akishika kitabu usingizi ulimchukua, lakini kusomewa alipenda. Sura ikimkolea, mguu wake ulisita juu ya pedali. Ikipwaya, aliendelea kushona kana kwamba ni redio tu inayoongea, na mkewe akajua hapo pana kazi.

Hivyo zikazaliwa riwaya tatu. Ya kwanza iliuzika kwa shida, ya pili ikampa jina, ya tatu ikamwachisha kazi kiwandani. Shangazi yake alinuna kwamba yule jirani mchoyo wa kitabu cha pili ni yeye mtupu, lakini alinunua nakala kadhaa akawagawia mashoga zake.

Kisha fundi akaugua figo, na mwaka haukupinduka akafariki.

Mjane alijaribu kuandika. Alisoma kwa sauti palepale chumba cha mbele, akaitazama pedali, akasubiri. Sentensi zote zikawa sawa kwake, nzuri na mbovu. Mhariri wake alimsihi asijiharakishe. Miaka ikapita.

Jioni moja binti yao, muuguzi, alirudi kutoka zamu akamkuta anajisomea kwa sauti kurasa mpya. Akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka, akasikiliza hadi mwisho.

“Mama, huyu mwanamume umemsafisha mno. Baba alikuwa anakoroma. Na sukari alitufichia.”

Mama alicheka mpaka akatoa machozi, kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

“Nikimwandika alivyokuwa, nitamkumbuka zaidi.”

“Mkumbuke tu, Mama. Hata mimi namkumbuka.”

Kesho yake alianza upya, na safari hii mwanamume wa kitabuni alikoroma, akaficha sukari, akanuna siku nzima kwa sababu ya kifungo kilichopotea.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa maktaba ulijaa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akampa binti yake kitabu aendelee, akaenda kuketi mstari wa mbele. Watu walimcheka yule mwanamume wa kitabuni kwa upendo, kama mtu wanayemfahamu. Walipopiga makofi, mjane hakupiga. Alisubiri watulie, apate kuendelea kumsikia mumewe.