Waya Chini ya Betri

Mama fundi wa magari wa mtaa wa Gisimenti hufuta mikono kabla ya kushika mashine ya kupima, kisha husoma namba ya hitilafu kwa sauti, mara mbili, ili mteja asikie. Siku ile ilitokea P0700, na Clovis, dereva wa teksi, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba giaboksi imekufa.

"Mama, niiuze tu hii teksi? Kazi nyingine sina."

"Tulia, chef, bosi wangu. Namba iko nasema gia nalalamika. Sababu haijasema."

Giaboksi hakuigusa. Alianzia kwenye betri, akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole, amefumba macho kama anayesali rozari, hadi vidole vikasimama. Waya wa giaboksi ulikuwa umebanwa chini ya betri na kuchubuka. Betri ile aliifunga yeye mwenyewe mwezi uliopita. Clovis alikuwa getini, anamtafuta mnunuzi kwa simu. Fundi angeweza kuuzungushia waya utepe, akanyamaza, akashukuriwa. Alifuta mikono.

"Clovis, kata simu! Gia iko nzima. Hii waya, ni mimi nilibana."

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Inama uone vizuri."