Siku Mama Alipolia Ufukweni

Mama alikuja Sydney kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa akae miezi mitatu arudi Kigoma, lakini korona ikaingia na mipaka ikafungwa. Mtoto akatambaa, akatembea, na bibi yake bado tuko naye kwenye fleti yetu ya Liverpool, kitongoji cha magharibi mwa Sydney.

Kisha mdogo wake mama akafariki nyumbani Kigoma. Ilikuwa wakati ule ambapo sisi wa upande wa magharibi wa jiji tulibanwa na amri ya kukaa ndani kuliko wengine, hata dukani anakwenda mtu mmoja kwa kila nyumba. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, picha ikikatikakatika. Mama hakulia. Aliniambia nizime, akaenda kuosha vyombo. Tangu hapo akawa mtu wa neno moja. Ukimpa chakula, sawa. Ukimuuliza kama amelala vizuri, sawa. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa.

Amri hiyo ilipoondolewa, nikakodi gari la siku moja. Mume wangu alikuwa kazini Ingleburn, kwa hiyo nikaendesha mwenyewe, leseni mpya mfukoni. Nikashika barabara ya pwani kuelekea mji wa Wollongong, mama nyuma kando ya mjukuu wake. Tulipotoka msituni, barabara ikapita darajani juu ya maji, jabali huku, bahari kule.

"Simama, mwanangu," mama akasema.

Darajani hapakuwa na pa kusimama. Nikaenda mpaka kwenye maegesho ya mbele, nikaanza kumbadilisha mtoto nepi. Nilipoinua kichwa, mama hayupo.

Hana simu, na Kiingereza hajui. Nikambeba mtoto nikakimbia huku nikimwita, mpaka nikashuka ngazi za ufukweni. Alikuwa amekaa mchangani, analia kwa sauti, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Hatua chache pembeni alisimama bibi mmoja wa Kizungu mwenye barakoa, ameshika viatu vya mama. Akanieleza kwamba wimbi lilikuwa limevibeba, na kwamba aliona si vizuri kumwacha mtu peke yake katika hali ile. Nilimshukuru, akaenda zake.

Nikakaa kando ya mama. Sikumnyamazisha. Alipomaliza, akajifuta uso kwa khanga.

"Mle ndani ningeliaje, na mtoto amelala, na majirani nyuma ya ukuta?" akasema. "Haya, nina njaa."

Wollongong tulinunua samaki na chipsi, tukala milango ya gari ikiwa wazi. Mama akalalamika kwamba samaki hana chumvi wala pilipili, kwamba watu hawa wanajua kuvua tu. Nilicheka mpaka nikashindwa kumeza. Alimaliza vyake, akala na nusu ya vyangu, akataka tuzunguke bandari auone mnara wa taa kwa karibu. Njia nzima ya kurudi alinisimulia ukaidi wa mdogo wake walipokuwa wasichana. Niliendesha polepole, magari yakitupita.